“Ningekuwa Mimi,” Akasema Kiboko

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa bwawa.
— Bwawa la nani?
— La mwenye mdomo mpana.
— Niyamwage au niyafunike?
— Yamwage, tumekaa tayari.

Basi tulieni niyamwage. Ngano hii wapo wengine wanaoisimulia, lakini wanaisimulia kama mtu anayetafuna ugali wa jana. Yangu ndiyo yenyewe. Niliipata kwa bibi mzaa baba, na bibi aliipata kwa mtu aliyekuwa amejibanza kichakani siku ile ile mambo yalipotokea. Asiyeamini akaulize kichaka.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu walipokuwa wakisikiliza, Kiboko alikuwa hatoki majini. Jua likiwaka hatoki, mvua ikinyesha hatoki. Anakula humo, analala humo, anajamba humo, anatoa maoni humo. Bwawa lake liliitwa Matete, na lilikuwa bwawa zuri, pana, lenye maji baridi mpaka chini.

Na juu ya mgongo wake alikaa ndege mmoja mweupe, Yangeyange. Kazi za Yangeyange zilikuwa mbili. Kula kupe, na kusema, “Mle mle, mzee. Umepiga mle mle.”

Kiboko akisema jua la leo limechomoza vibaya, Yangeyange anasema, “Mle mle, mzee.” Kiboko akisema milima imepangwa ovyo, mrefu ungekaa nyuma na mfupi mbele, Yangeyange anasema, “Mle mle, mzee. Umepiga mle mle.” Sasa wewe mwenyewe fikiri. Ukiambiwa mle mle asubuhi mpaka jioni, utabaki na akili yako ya kuzaliwa?

Ikaja kiangazi. Si kiangazi cha mchezo. Mto ukakauka, visima vikakauka, umande wenyewe ukasahau njia ya kuja. Likabaki Bwawa la Matete peke yake. Wanyama wote wakaenda, wakasimama ukingoni, ndimi nje.

Kiboko akatoa kichwa majini. Chubwi.

“Mmekuja kunywa?”

“Tumekuja kunywa, mzee,” akasema Punda Milia.

“Hamnywi hivi hivi kama hamna ustaarabu. Kila anayekuja alete fungu la majani, na alete kazi. Hadithi, mchezo, wimbo, habari za nchi, chochote. Mimi nitaichambua. Ikiwa nzuri, mtakunywa. Ikiwa mbaya, mtalamba tope la ukingoni, mrudi nyumbani mkaitengeneze.”

“Na majani yetu, kazi ikiwa mbaya?”

“Majani yanabaki. Kuchambua ni kazi, na mwenye kufanya kazi anakula.”

“Mle mle,” akasema Yangeyange.

Haya. Punda Milia akaleta majani, akaleta hadithi. Hadithi ya bibi yake aliyegombana na kivuli chake. Hadithi tamu, mimi naijua, siku nyingine nikiwa na nafasi nitawaonea huruma niwape. Hata hajafika kwenye ugomvi, Kiboko amefumba macho. Hata hajafika kwenye suluhu, Kiboko anakoroma, grruu, grruu. Punda Milia akamaliza. Kiboko akafumbua jicho moja.

“Mwanzo umechelewa,” akasema. “Katikati pamelegea. Mwisho hauna mwisho. Ningekuwa mimi, huyo bibi nisingemweka kabisa.”

“Lakini mzee, hadithi ni ya bibi.”

“Ndiyo kosa lake.”

“Mle mle,” akasema Yangeyange.

Punda Milia akalamba tope, akaondoka.

Akaja Digidigi na majani yake kiduchu. Akasema, “Mimi sina hadithi, mzee. Nina habari. Mashariki kunaungua. Moto umeshika vichaka vyote, nyumba yangu imeteketea.”

Kiboko akafikiri, akatafuna majani, nyam nyam nyam.

“Mwanzo umechelewa. Katikati pamelegea. Mwisho hauna mwisho. Na huo moto hauna mantiki. Ningekuwa mimi, ningeuanzisha magharibi, kwenye upepo.”

Digidigi akamwangalia. Akalamba tope, akaondoka.

Akaja Korongo, mjumbe wa Simba, amenyoosha shingo kama mtu wa serikali. “Mfalme anasema kila ukoo uchimbe kisima chake.”

“Simba huyo hana washauri,” akasema Kiboko. “Tamko lake mwanzo umechelewa, katikati pamelegea, mwisho hauna mwisho. Ningekuwa mimi, ningewaambia wachimbe mto.”

“Mto unachimbwa?”

“Sasa mimi ndiye mchimbaji? Mimi natoa wazo.”

Na Korongo naye, pamoja na shingo yake yote, akainama akalamba tope.

Siku zikaenda. Majani yakawa mlima pembeni ya bwawa. Kiboko akanenepa mpaka Yangeyange akawa anapotea mgongoni. Wanyama wakakonda mpaka ukiwatazama kwa mbele huwaoni, sharti uzunguke upande.

Sasa palikuwa na mama mmoja, Nguchiro. Mnamjua Nguchiro. Kimo chake ni cha kupita chini ya kitanda bila kuinama. Alikuwa na watoto, na watoto wale mwanzo walilia sana. Mama, kiu. Mama, kiu. Kisha siku moja wakanyamaza. Nguchiro akashtuka. Mtoto akilia kwa kiu, bado ana maji ya kulilia. Akinyamaza, jua limekwishamfikia ndani.

Akachukua majani, akaenda Matete. Akasimulia hadithi yake bora kuliko zote. Kiboko akalala, akaamka, akasema, “Mwanzo umechelewa. Katikati pamelegea. Mwisho hauna mwisho. Ningekuwa mimi...”

Wengine wote wakifika hapo walikuwa wanaziba masikio. Nguchiro hakuziba. Nguchiro aliyasimamisha. Akasikiliza hiyo “ningekuwa mimi” mpaka ikaisha, akaona jinsi macho ya Kiboko yanavyong’aa akiitamka, jinsi masikio yanavyopepea, pepe pepe, jinsi anavyojiinua kidogo majini.

Akajiambia moyoni, “Kumbe. Huyu hapendi hadithi. Huyu anapenda kuwamo.”

Akabeba tope mdomoni kuwapelekea watoto, halafu akaenda moja kwa moja kwa Ngiri.

“Shemeji.”

“Naam, shemeji.”

“Unajua kuigiza?”

“Sijui hata kidogo.”

“Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Ngiri akavimba kifua. Alikuwa hajawahi kutafutwa kwa lolote. “Kwa kutojua, shemeji, hapa umefika. Nchi nzima humpati mwingine kama mimi.”

“Basi njoo. Na ulivyo, njoo hivyo hivyo. Ukitaka kujitengeneza, usijitengeneze.”

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika Matete. Nguchiro akasimama mbele ya bwawa, mikono kifuani.

“Mjomba,” akasema, “leo hatukuleta hadithi. Tumeleta mchezo. Mchezo unaitwa Kutoka kwa Mkubwa.”

Kiboko akatoa kichwa. Chubwi. “Mkubwa gani?”

“Wewe, mjomba. Kwani tunaye mwingine?”

Masikio ya Kiboko yakapepea. Pepe pepe. “Endeleeni. Lakini nawaonya, mimi siangalii uso wa mtu. Hata mchezo ukiwa wangu nitauchambua.”

“Ndicho tunachokuomba.”

Ngiri akajilaza kwenye tope la ukingoni. Nguchiro akatangaza, “Hapa Mkubwa anatoka majini.” Ngiri akakurupuka. Mkia juu, wima kama mlingoti wa bendera. Vihatua, tiki tiki tiki tiki, akazunguka, akapiga chafya, akasimama.

Kiboko akatoa na mabega.

“Simamisheni. Huyo ni nani?”

“Ni wewe, mjomba.”

“Mimi?”

“Tumejitahidi.”

“Mkia wangu unasimama hivyo?”

“Sisi tutajuaje, mjomba? Mkia wako uko majini siku zote.”

“Mle mle,” akasema Yangeyange, kisha akaona amekosea, akajitia kutafuta kupe.

Kiboko akapumua, fuuu. “Sikilizeni nyie. Mkubwa hatoki majini kama mtu aliyekanyaga siafu. Mkubwa anatoka polepole. Maji yanamng’ang’ania. Nchi inajua kwamba kuna mtu anatoka.”

“Ngiri, umesikia?”

“Nimesikia, shemeji.”

Ngiri akajilaza tena. Safari hii akainuka polepole. Polepole, polepole, polepole mno, na katikati ya kuinuka usingizi ukamchukua.

“Hapana,” akasema Kiboko. “Hapana, hapana, hapana. Ningekuwa mimi...”

“Ungekuwa wewe ungefanyaje, mjomba? Maneno hayaingii kichwani mwa Ngiri. Kichwa chake kimejaa meno, nafasi haipo.”

“Kweli haipo,” akasema Ngiri kwa fahari.

Kiboko akatazama huku, akatazama huku. Akaona nchi nzima imemkodolea macho.

“Tazameni basi, mara moja tu. Msije mkaniuliza tena.”

Akatoka. Wenzangu, alitoka. Kwanza mgongo, kama kisiwa kinachozaliwa. Halafu tumbo. Halafu mguu, puu, na mguu mwingine, puu. Maji yakamteremka, chururuuu, chururuuu. Wanyama hawakuwahi kumwona mzima. Midomo ikafunguka yenyewe.

Nguchiro akaanzisha wimbo, wanyama wakapokea:

Mwenyewe huyo, mwenyewe huyo,
Ardhi shika meno, mwenyewe huyo,
Njia jitanueni, mwenyewe huyo.

“Hivyo ndivyo,” akasema Kiboko. Akageuka arudi majini. Lakini aligeuka polepole, maana wimbo ulikuwa haujaisha, na si adabu kuuacha wimbo wako njiani.

Nguchiro akatangaza haraka, “Hapa Mkubwa anavuka mbuga.”

Ngiri akatangulia mbugani. Akaenda, tiki tiki tiki. Akafika penye kijani kidogo, akapiga magoti ya mbele, akaanza kung’oa mizizi.

“Simamisheni,” akanguruma Kiboko. “Mkubwa anapiga magoti? Anampigia nani?”

“Mazoea, mzee,” akasema Ngiri, mdomo umejaa udongo. “Mimi nikila hupiga magoti. Hata baba alipiga.”

“Baba yako hakuwa Mkubwa. Toka hapo. Mkubwa anatembea hivi. Kifua mbele. Kishindo, anatulia. Kishindo, anatulia. Anaacha watu wamtamani.”

Akatembea. Tifu. Tifu. Tifu. Vumbi likapaa. Wanyama kandokando, wimbo juu:

Mwenyewe huyo, mwenyewe huyo,
Ardhi shika meno, mwenyewe huyo.

Jua nalo likampata. Ngozi ya Kiboko si ngozi ya jua. Ikaanza kukauka, ikaanza kuvuta. Yangeyange akaona. Na hapo ndipo mpango mzima wa Nguchiro ulipotaka kuvunjika, maana Yangeyange alikuwa mjinga lakini hakuwa kipofu.

“Mzee,” akanong’ona, “tumefika mbali. Turudi.”

“Unasemaje?”

“Nasema... kule kutoka majini kulikuwa kuzuri. Lakini hapa katikati, kwa maoni yangu madogo, pamelegea kidogo.”

Kiboko akasimama. Wimbo ukasimama. Nguchiro akawatazama wanawe, aliowabebesha Punda Milia tangu asubuhi, wamelala mgongoni, hawasogei.

“Pamelegea?” akauliza Kiboko.

“Kidogo, mzee.”

“Wewe umewahi kutembea mbele za watu? Umewahi, hata siku moja? Unajua mtu anaumia kiasi gani kutoa kishindo kama kile, akatulia, akatoa kingine? Wewe ambaye kutwa unabebwa. Mtu amejitoa mwili na roho, halafu anakuja mla kupe kumwambia pamelegea.”

“Mzee, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hayo maneno.”

“Mimi nilikuwa na haki. Shuka.”

Akajitikisa, twa twa twa. Yangeyange akarushwa juu, akapiga mabawa, akaenda zake. Kiboko akabaki anahema.

“Wachambuzi,” akasema, “ni watu wabaya sana.”

“Wabaya mno, mjomba,” akasema Nguchiro. “Hasa wale wasiofanya wenyewe.”

“Hao ndio wabaya kupita wote.”

Na wanyama wote, Punda Milia, Digidigi, Korongo na shingo yake, wakatazama chini, wakauma midomo. Kucheka kungetoa jasho, na jasho lenyewe hawakuwa nalo.

Mbele ya mbuga palikuwa na Jiwe la Mate. Niwaambie jiwe hilo. Katika nchi ile mtu akitaka neno lake lisirudi nyuma, alipanda jiwe lile, akasema neno, akatema mate. Mate yakilowesha jiwe, basi. Neno limekaa. Si Simba, si mvua, si mjukuu wa mjukuu, hakuna wa kuling’oa. Walioana hapo, walipatana hapo, walikatiana mipaka hapo. Na mwenye kushuhudia alikuwa Kobe, kwa sababu Kobe ukimwambia kaa hapa, anakaa.

Nguchiro akatangaza, “Hapa Mkubwa anapanda jiwe, anasema na nchi.”

Ngiri akapanda. Akateleza, akapanda tena. Akasema kama mtu anayehesabu kuni:

“Enyi wanyama. Mimi Mkubwa. Kwa moyo wangu. Mkubwa. Kila mmoja wenu. Nampa kibuyu kimoja cha maji.”

Akatema. Tfu. Hakikutoka kitu. Akatema tena. Tfu. Ukatoka upepo.

“Mate yako yako wapi?” akauliza Kiboko.

“Sina, mzee. Yalikwisha zamani.”

“Mkubwa anatema upepo?”

“Kuna mwenye mate hapa amwazime mwenzake?” akauliza Nguchiro. Wanyama wakajaribu. Tfu, tfu, tfu. Jiwe kavu. Nchi nzima hapakuwa na mate ya kulowesha hata ukucha.

“Na maneno yenyewe,” akasema Kiboko, akilisogelea jiwe, tifu, tifu. “Kibuyu kimoja? Umati umetembea kutwa, umeimba, umemeza vumbi, unakuja kuambiwa kibuyu kimoja? Hapo ndipo mnaponiudhi. Mwisho hauna mwisho.”

Sasa Nguchiro alikuwa na neno kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa linamwasha. Lakini akajua, akilisema yeye litakuwa lake, na lolote lililo la mwingine Kiboko atalikuta limelegea. Akalimeza. Akafanya kinyume.

“Mimi naona kibuyu kimoja kinatosha, mjomba,” akasema. “Mtu asizidishe.”

“Unaona? Hilo ndilo tatizo lenu. Akili zenu za kibuyu.”

“Au tukipunguze kiwe nusu?”

“Nusu!” Kiboko alitamani kulia. “Mwanamke, hujui kitu kuhusu miisho. Mwisho mkubwa hautaki hesabu. Mkubwa akitoa, anatoa mpaka mtu anasahau kupumua. Ngiri, shuka hapo kabla sijakula mtu.”

Ngiri akashuka. Kiboko akapanda. Jiwe likaguna, nngg. Akasimama juu, mwili wote unang’aa kwa jua, akatazama nchi, na nchi ikamtazama. Wimbo wenyewe ukanyamaza. Kiboko akaachia sauti:

“Mimi Kiboko, mwana wa Kiboko, mjukuu wa Kiboko. Bwawa la Matete, ukingo mpaka ukingo, juu mpaka tope la chini, nalitoa. Ni la kila mwenye koo. Leo ni lake, kesho ni lake, na mtoto atakayezaliwa kesho ni lake. Asiombwe mtu majani. Asiombwe mtu hadithi. Mwenye kiu aje, anywe, aende zake.”

Akakusanya. Akatema.

Fwaaaaa.

Jiwe lote likalowa. Aliyekuwa karibu alilamba pua yake kimya kimya.

Hakuna aliyepumua. Kisha kwato zikaanza, kwato za nchi nzima, ngu ngu ngu ngu, mpaka mbuga ikatetemeka. Kiboko akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia.

“Hivyo ndivyo,” akasema. “Haya, Ngiri. Rudia kama nilivyofanya.”

“Siwezi, mzee. Hakuna awezaye.”

Kobe akasogea. Alichukua muda wake. Akaligusa jiwe kwa pua.

“Jiwe limelowa,” akasema Kobe.

“Najua limelowa. Nimelilowesha mimi.”

“Basi neno limekaa.”

“Neno gani? Ule ulikuwa mchezo.”

“Jiwe halijui mchezo,” akasema Kobe. “Jiwe linajua mate.”

Kiboko akamtazama Kobe. Akatazama nyuma, Matete kule mbali, maji yanametameta bila mtu. Akamtazama Nguchiro. Polepole akaelewa. Akafungua mdomo, na mdomo ule mnaujua, na meno yale kama michi. Akashuka jiwe, tifu, akamwendea. Mate yalikwishalowesha jiwe, sawa, lakini mwenye mate angeweza kukanyaga aliyesikia, na kurudi majini, na kukaa mlangoni kama jana, na nani angemtoa? Kobe?

Nguchiro hakukimbia. Watoto walikuwa nyuma yake, na hawakuwa na miguu ya kukimbilia.

“Mjomba,” akasema, “unaweza kukataa. Sisi ni nani? Tutarudi kulamba tope. Lakini jioni watu watasimulia. Watasema alitoka Mkubwa majini, maji yakamlilia. Akavuka mbuga, nchi ikatikisika. Akapanda jiwe, akatoa bwawa zima kwa neno moja. Halafu watasema, akashuka, akasema nilikuwa natania, akakanyaga nguchiro.” Akatikisa kichwa. “Ule mwisho wako ulikuwa mzuri, mjomba. Ningekuwa mimi, nisingeugusa.”

Kiboko akasimama. Mdomo wazi, mguu mmoja juu.

“Ulikuwa mzuri kiasi gani?” akauliza.

“Punda Milia amelia.”

“Nimelia,” akasema Punda Milia. “Machozi ndiyo hayakutoka. Sina maji.”

“Mwanzo je?”

“Mwanzo uliwahi, mzee,” wakasema wanyama.

“Na katikati? Semeni kweli. Yule ndege alisema pamelegea.”

“Ndege mwenyewe ndiye aliyelegea, mzee.”

Kiboko akafikiri. Alifikiria bwawa. Alifikiria mlima wa majani. Kisha akafikiria ule ukimya uliokuja kabla ya kwato. Maisha yake yote hakuwahi kutengeneza kitu. Alikuwa amelala majini akiwaambia waliotengeneza kwamba wangetengeneza vipi. Na leo ametengeneza kimoja, na kimoja hicho kilikuwa na mwisho.

Akashusha mguu. Akauweka pembeni ya Nguchiro, taratibu, wala vumbi halikuruka.

“Basi mnangoja nini?” akasema. “Nendeni mkanywe. Na mtembee vizuri, msikurupuke kama Ngiri, mtaniharibia.”

Wakaenda. Walitembea vizuri mpaka nusu ya njia, halafu wakakurupuka kama Ngiri. Chubwi, chubwi, chubwi. Gubu gubu gubu. Punda Milia alikunywa mpaka mistari ikanyooka. Korongo alikunywa, na maji yakachukua muda kufika, shingo ilivyo. Nguchiro aliwachota wanawe mmoja mmoja kwa meno, akawaweka ukingoni, akawatia maji mdomoni tone kwa tone. Wakameza. Wakakohoa. Kisha wakaanza kulia, ngwee, ngwee, makelele ya kutoboa masikio, na mama yao akakaa chini kwenye maji, akawasikiliza, akaona hakuna ngoma iliyowahi kupigwa tamu kama ile.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko giza likiingia hutoka majini, akatembea peke yake mbugani, tifu, anatulia, tifu, anatulia. Watu waliosoma sana watakuambia anatafuta majani. Anafanya mazoezi. Na ukimwona mchana ametanua mdomo mpana kama mlango wa ghala, usidhani anatisha. Anasubiri mtu amwulize kuhusu mwisho ule. Yangeyange naye yuko kwa ng’ombe siku hizi, anawaambia mle mle, na ng’ombe hawajawahi kusema kitu.

Sasa mafundisho, maana ngano bila fundisho ni kama harusi bila pilau.

La kwanza, msichambue kazi za wenzenu. Angalieni Kiboko. Alichambua, alichambua, mwishowe nchi nzima ikapata maji. Je, mnataka aibu kama hiyo itokee kwenu?

La pili, Nguchiro alisema uongo, na uongo haufai. Watoto wake wangekufa kwa heshima.

La tatu na kubwa, acheni majivuno. Kiburi hakimfai mtu. Mimi nilikiacha zamani, na katika kukiacha hakuna aliyenifikia, toka huku mpaka pwani.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa nzuri, ni yangu. Ikiwa mbaya, mmesikiliza vibaya.

— Kuna mwenye maoni?
— Hatuna, mzee.
— Hata kidogo?
— Mwanzo uliwahi, katikati palikaza, mwisho umekaa.
— Mle mle. Nendeni mkalale.